Maporomoko Niliyoyaita Rahisi

Mmeniomba, nyinyi wawili mnaobaki dukani, niwaandikie kazi ilivyokuwa kabla yenu. Nimekubali kwa sababu mvua haijakatika tangu Jumatatu, goti langu la kushoto limegoma, na kabati la chini ya sinki nimeshalipanga mara mbili wiki hii. Msitarajie mafunzo ya kupanda cheo. Nilikalia kiti kimoja miaka ishirini na sita, na cheo changu cha mwisho kilikuwa kile kile cha kwanza: "Muulize Sahra."

Kazi yenyewe mnaijua. Tunawapeleka wazee Badrinath, mji wa hekalu ulio juu katika milima ya Himalaya, upande wa India, karibu na pale barabara inapochoka. Wengi wao ni Wahindi wa Kenya na Uganda waliozeekea Birmingham. Wakifika wanaingia hekaluni, wanaoga maji ya moto yanayotoka ardhini chini ya ngazi zake, halafu wanabaki na siku tatu nne za kuzunguka: kijiji cha Mana, pango la kale, daraja la jiwe moja, maporomoko ya maji ya Vasudhara. Hizo siku za kuzunguka ndizo zilikuwa zangu. Mimi ndiye niliyesema asubuhi waende wapi, wavae nini, chai wanywe kwa nani.

Na mimi, kama mnavyojua ila kwa adabu zenu hamsemi, sijawahi kufika. Sijafika Himalaya, sijafika India. Hata Wales sijafika, na nasikia watu huenda wakarudi kabla ya chai ya jioni. Kwenda Northfield tu, upande wa pili wa jiji hili hili la Birmingham, kwangu ni safari: nataka basi, nataka treni, nataka mkate wa njiani na dua. Wako watu walioumbwa na miguu. Mimi nimeumbwa kama kabati. Ukinihamisha, mlango haufungi tena.

Nilizaliwa Nakuru, kwa wazazi Wasomali, nikamaliza kidato cha nne bila kishindo. Nikapitia Uholanzi miaka minne, ambako ua la tulipu nililiona kwenye sanduku la jibini peke yake. Kisha Birmingham, chumba cha kupanga Alum Rock, na dirisha langu likitazama mlango wa duka lenye tangazo la mfanyakazi. Nilivuka barabara. Ndiyo safari ndefu kuliko zote nilizofanya kutafuta kazi.

Mwenye duka alikuwa Kantaben, mama wa Kigujarati mwenye miwani ya kamba na sauti ya mwalimu wa zamu. Alinitazama kuanzia ushungi hadi viatu.

"Kwenu wapi?"

"Nakuru."

"Nakuru wapi?"

"Karibu na stesheni."

"Sisi tulikuwa na duka la vitambaa karibu na stesheni. Kuchapa unajua?"

"Kidogo."

"Na chai?"

"Chai najua sana."

"Basi kuchapa utajifunza," akasema, na mahojiano yakaishia hapo.

Duka lilikuwa ghorofani, juu ya wauza nguo za harusi, na lile jikoni dogo lenye sufuria mnalolidharau ndilo lilikuwa moyo wa ofisi. Siku ya kwanza sikupewa simu wala tiketi. Nilipewa ramani ya kukunjwa, rula, na uzi mweusi wa kushonea. Kantaben alinifundisha kuulaza uzi juu ya barabara ya mlimani, kona kwa kona, kisha kuunyoosha kwenye rula. "Ramani inasema hapa na hapo ni vidole viwili," aliniambia. "Uzi utakwambia ni mkono mzima." Niliupenda ule uzi. Jioni nilikuwa nimesafiri kutoka Haridwar, chini tambarare, hadi Badrinath bila kunyanyuka, na nikasema moyoni, hii ndiyo kazi yangu. Ila uzi una ujinga wake, na hakuna aliyenitajia: hupima urefu wa njia, haujui kama njia inapanda.

Chombo cha pili kilikuwa kiti. Nyinyi mmekikuta na mto mpya, mkadhani ni cha wateja wa kawaida. Kile kilikuwa kiti cha waliorudi. Kantaben alikuwa na kanuni: kila aliyekwenda Badrinath, akirudi lazima aje dukani kabla ya wiki mbili kwisha, akae pale, apewe chai, aeleze. Mimi naandika kwenye daftari. Duka gani limefungwa, ngazi gani imebomoka, mwenye nyumba gani ya wageni ameongeza blanketi. Ndivyo nilivyoujua ule mji. Niliujua kwa midomo ya watu mia kadhaa, kikombe kwa kikombe, mpaka wateja wapya wakawa wananiuliza, "Dada, wewe umekwenda mara ngapi?" nami najibu, "Aa, hata sihesabu." Si uongo. Sifuri haihesabiwi.

Kutoka kwenye daftari nilitengeneza karatasi za siku. Karatasi moja, siku moja, na juu kulia nimeandika neno moja kati ya matatu: Rahisi, Wastani, Ngumu. Kazi hiyo niliifanya kwa kiburi kikubwa. Mwaka wa kwanza Kantaben alisoma karatasi yangu ya kijiji cha Mana akatikisa kichwa.

"Umeandika 'mandhari ya kupendeza'. Nani anakula mandhari? Andika choo kiko wapi."

Tangu siku hiyo nikaanza na choo. Nanyi anzeni na choo.

Miaka ikaenda. Barabara ya kule ilifungwa na maporomoko ya udongo mara nyingi kiasi kwamba dereva wetu wa kule, Birju, alikuwa akinipigia simu anaanza na kicheko: "Madam, mlima umekuja barabarani tena." Yeye na mimi tuliongea Kihindi changu cha jikoni na Kiingereza chake cha barabarani, tukaelewana kuliko watu wengi waliooana. Kantaben alipozeeka akahamia Leicester kwa binti yake, akaliacha duka kwa mpwa wake, na kwangu akaacha kiti, daftari na uzi. Sikubadilisha kitu. Mimi si mtu wa kubadilisha vitu.

Sasa nije kwa Mzee Bhanu, maana bila yeye haya yote ni porojo.

Alikuwa fundi mitambo aliyestaafu, mzaliwa wa Kisumu, anakaa Northfield. Mkewe, Savita, alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Mzee alipanda ngazi zetu bila kupumzika, akakaa, akaweka kofia gotini, akasema kwa Kiswahili cha Kisumu kisichokwaruzwa na miaka hamsini ya Uingereza:

"Sahra, wewe ndiye unauza ile milima?"

"Ndiyo, mzee. Unataka mingapi?"

"Mmoja tu, lakini usiwe umetumika."

Tukacheka. Kisha akanieleza. Kando ya hekalu la Badrinath, ukingoni mwa mto, kuna sakafu ya mawe iitwayo Brahma Kapal. Hapo mtu huwafanyia wafu wake ibada ya mwisho kwa vidonge vya wali. Ibada ikifanyika hapo, imekwisha. Marehemu hadaiwi tena na dunia, na walio hai hawahitaji kuirudia kila mwaka. Savita alikuwa amemwomba hilo hospitalini, akiwa bado na akili zake.

"Amezaliwa Kisumu, amefia Northfield," mzee alisema. "India hakuiona hata kwa dirisha la ndege. Nilimwambia nitampeleka. Kila mwaka nasema mwakani. Sasa nampeleka hivi."

Mwanawe Nilesh alitaka wafuatane, lakini likizo yake ilikuwa Krismasi. Mwezi wa kumi na moja hekalu hufungwa, theluji inauchukua mji, hata makuhani wanashuka. Mzee hakutaka kungoja kufunguliwa tena mwezi wa tano. "Nina miaka sabini na sita," aliniambia. "Mtu wa umri wangu hanunui hata ndizi mbichi." Nikampangia mwanzoni mwa Oktoba, peke yake, Birju akimsubiri Haridwar.

Nikapanga siku zake kwa mapenzi yote. Siku ya kwanza mjini, kupumzika na kuoga maji ya moto. Ya pili, gari hadi Mana, na kutoka hapo kwa miguu kwenda maporomoko ya Vasudhara. Ya tatu, ibada. Niliyaweka maporomoko kabla ya ibada nikijiona mjanja: anyooshe miguu kwanza, moyo utulie, kesho yake aketi na kuhani akiwa mwepesi. Juu kulia nikaandika Rahisi. Chini nikaongeza: "Matembezi ya asubuhi. Wazee wetu wengi wameyafanya."

Na wengi walikuwa wameyafanya kweli. Nina daftari. Ukurasa baada ya ukurasa, bibi wa miaka sabini, babu wa themanini, wote kwenye kile kiti wakipuliza chai: "Njia? Rahisi tu. Mungu alitubeba." Katika miaka yangu yote hakuna hata mmoja aliyesema ngumu. Ilikuwa haijanijia kujiuliza ni njia gani duniani inayopendwa na kila mtu.

Siku ya pili ya safari yake, nikiwa kwenye kikombe cha pili cha asubuhi, Birju alipiga simu. Hakucheka.

"Madam, mzee ameanguka."

"Ameteleza?"

"Hapana. Pumzi. Njia inapanda, inapanda, na hewa kule ni nyembamba. Alifika zaidi ya nusu. Nilimwambia turudi, akanionyesha karatasi yako. Akasema, 'Sahra ameandika rahisi, kwa hiyo tatizo ni mimi.'"

Kaeni na sentensi hiyo kidogo. Mimi nimekaa nayo miaka minne.

Walimshusha ndani ya kikapu mgongoni mwa mpagazi, kama wanavyobebwa wagonjwa kule. Daktari wa kituo cha afya akamtia oksijeni, akasema ateremshwe siku hiyo hiyo, asilale pale juu hata usiku mmoja. Gari lilipita karibu na hekalu kwenda chini. Birju anasema mzee aliutazama ule ukingo wa mto mpaka ukafichwa na kona. Ibada ilikuwa kesho yake saa tatu asubuhi. Kuhani alisubiri, kisha akachukua familia nyingine.

Alirudi Birmingham. Kabla ya wiki mbili kwisha nikasikia hatua zake ngazini. Safari hii alisimama katikati, mara mbili. Akaingia, akaketi kwenye kiti cha waliorudi, mimi nikampa chai maana sikujua nimpe nini kingine. Nikafungua daftari kwa mazoea. Naye, kwa mazoea, akasema:

"Safari njema sana. Njia rahisi."

Kalamu ikakataa. "Mzee," nikasema, "Birju alinipigia siku ile ile."

Akanywa kidogo. "Basi unajua. Vizuri. Maana hapa Birmingham wewe peke yako ndiye unajua."

"Nilesh je?"

"Alinipokea uwanjani. Hata begi hajalishika, ananiuliza, 'Dad, umemaliza kazi ya Mum?' Macho yamejaa. Mtu mzima, ana upara, analia mbele ya mashine ya kahawa. Ningemwambia nini? Nikamwambia, 'Ndiyo, imekwisha.'"

"Mzee, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyeandika rahisi."

"Uliandika tulivyokwambia," alisema. "Sikiliza, binti. Nani anarudi kutoka kwa Mungu aanze kulalamikia magoti? Ukilalamika, umeitema baraka njiani. Sisi wote tulikaa hapa tukakudanganya kwa heshima."

Hapo ndipo nilipoiona heshima hiyo. Ningepaswa kuiona zamani, maana nilikulia ndani yake. Mama yangu aliporudi Hija alituambia kila kitu kilikuwa chepesi, alhamdulillah, kama kutembea sebuleni. Jioni nilimkuta bafuni ameloweka miguu, kucha mbili nyeusi zinataka kung'oka. Akaniambia nifunge mlango. Nilikuwa na ushahidi huo nyumbani kwangu mwenyewe, na bado niliendesha ofisi miaka zaidi ya ishirini nikiwauliza mahujaji kama njia ilikuwa ngumu, nikayaandika majibu yao kama vipimo.

Kwa hiyo hili ni la kikazi, liandikeni. Anayerudi ziara msimwulize njia ilikuwaje. Mwulizeni kesho yake aliamka saa ngapi. Mwulizeni viatu alivyokwenda navyo viko wapi sasa. Mwulizeni ni mara ngapi dereva aliwasubiri. Hayo atayajibu sawasawa, kwa sababu hayamgusi Mungu. Wiki ile nilianza kuwapigia watu wa zamani, mmoja baada ya mwingine. "Vile viatu? Nilivitupa Delhi." "Kesho yake? Kesho yake hatukutoka, tulilala siku nzima, tulidhani ni malaria." Bibi wa miaka sabini alibebwa kwenye kikapu kwenda na kurudi. "Hukuuliza nilikwendaje," akaniambia. "Uliuliza tu kama ilikuwa ngumu. Kwangu haikuwa."

Nikachana karatasi kumi na nne. Vasudhara nikaiandika upya: Ngumu, si siku mbili za kwanza, si kabla ya jambo lolote lililokuleta.

Lakini karatasi mpya haikumsaidia Mzee Bhanu. Alinitaka nimwekee nafasi mwezi wa tano, wiki hekalu linapofunguliwa, na Nilesh asiambiwe. "Nakwenda, naketi, namaliza, narudi. Uongo wangu utakuwa kweli, umechelewa tu." Daktari wake hakuwa ameruhusu. Ningeweza kukataa. Nikakata tiketi, kwa sababu sikuweza kumtazama nikasema hapana, na hilo nalo si jambo la kujivunia. Kila Jumanne alipita kuangalia kama tiketi bado ipo, kana kwamba ingechacha.

Alifariki Februari, kwenye kiti chake, televisheni ikiwaka.

Nilikwenda Northfield kwa basi na treni. Nyumba ilikuwa imejaa, viatu vimezagaa hadi barabarani, watu wameketi chini juu ya shuka nyeupe. Nilesh alinijua kwa jina tu; akanishika mikono yote miwili. Naye ni wa wale waliozaliwa hapa, Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza. Maneno yake nayaandika kwa Kiswahili, maana kalamu ninayo mimi.

"Anti Sahra," akasema, kwa sauti ya kusikiwa na wote, "wewe ndiye uliyempeleka. Asante. Angalau Dad alimaliza kazi ya Mum kabla hajaondoka. Hilo ndilo linalonishikilia."

Wazee wakaitikia. Mtu akanipa sahani ya wali na dali. Nikala. Nikasema chakula kizuri. Nikarudi Alum Rock na treni ya saa kumi, nikiwa nimeibeba siri ile ile niliyokwenda nayo, sasa, huku Birmingham, ikiwa ya mtu mmoja badala ya wawili.

Wiki ya kwanza nilijiambia msiba bado mbichi. Ya pili, nikajiambia siri ni ya marehemu. Ya tatu sikujiambia kitu, nilipanga makabati. Hesabu ilikuwa rahisi na haikunipendeza: nikinyamaza, Nilesh anabaki na amani, na mama yake anabaki njiani kwa mujibu wa imani yao, bila mtu hata mmoja wa kwao kujua kwamba bado anasubiri. Mimi Mwislamu, mambo ya vidonge vya wali si yangu. Lakini ahadi najua ni kitu gani. Na neno lililoivunja ile ahadi lilikuwa mwandiko wangu.

Mwishoni mwa Machi alikuja mwenyewe. Alikuwa amekuta karatasi ya tiketi ya Mei kwenye koti la baba yake.

"Sielewi," alisema, akiwa amesimama. "Alikuwa anarudi? Alipapenda kiasi hicho?"

Ilitosha niitikie kwa kichwa tu. Hata kusema sikuhitaji. Jibu alikuja nalo mwenyewe, zuri, limekwisha pikwa.

"Kaa, Nilesh," nikasema. "Hakuimaliza."

Nikamweleza yote: maporomoko, kikapu, kona ya barabara, kuhani aliyesubiri, uwanja wa ndege. Nikampa karatasi ya zamani, ile moja niliyoibakiza, akasoma neno la juu kulia, akasoma mstari wa chini.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu Oktoba."

"Na ulikuja kwetu, ukala."

"Nilikula."

Akaiweka karatasi mezani kwa ncha za vidole. "Wewe mwenyewe ulipandaje hapo?"

"Sijapanda."

"Badrinath umekwenda mara ngapi?"

"Sijafika, Nilesh. Sijawahi kufika."

Akacheka, kicheko kimoja kifupi, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. "Dad alikuwa akisema, 'Sahra anaijua ile milima kama jikoni kwake.'"

"Jikoni kwangu napajua," nikasema, na papo hapo nikatamani kuyarudisha mdomoni.

Alitazama dirishani. Chini, wauza matunda walikuwa wakifunika masanduku, mvua ikianza. Kisha akasema: "Hii tiketi. Weka jina langu."

"Jina halibadilishwi kwenye tiketi. Nitakukatia mpya."

"Kata mbili. Twende wote. Njoo uone ulichokiandika."

Nilitoa sababu tatu: goti, pasipoti iliyokwisha muda, duka kubaki bila mtu. Zote tatu zilikuwa za kweli. Yeye alizisikiliza kwa adabu za baba yake, halafu akasema, "Dad alikuwa na miaka sabini na sita," akachukua koti lake.

Akaenda Mei, peke yake. Birju alinipigia kutoka kule, mto ukinguruma nyuma yake hadi nikalazimika kulibana sikio la pili. Imefanyika, alisema. Mama kwanza, kisha baba. Kuhani aliuliza majina, kijana akayataja mwenyewe kwa sauti. Yote yalichukua chini ya saa moja.

"Maporomoko alikwenda?" nikauliza.

"Hapana, Madam. Nilimwonyesha upande, hakugeuka."

Nilichemsha maji kila siku kwa wiki mbili baada ya yeye kurudi. Hakuja kukaa kitini. Sikumlaumu, kiti hakikuwa kimewahi kumfaa mtu mwenye jambo la kweli la kusema. Nilibaki dukani miaka mitatu mingine kwa sababu sikujua pa kwenda, jambo ambalo, kwa mtu aliyewaelekeza wengine maisha yake yote, mna ruhusa ya kulicheka.

Wiki moja baada ya ile simu ya Birju, alikuja mama mmoja wa Hall Green na mumewe, wameshika kipeperushi chetu, wamezungushia Vasudhara kwa kalamu. Mume akasinzia papo hapo kwenye sofa. Mama akainama mezani kwangu.

"Dada, haya maporomoko ni mbali? Miguu yetu itaweza?"

"Kwa ramani, kilomita tano kwenda," nikamwambia. "Kwa miguu yenu, sijui, mama. Sijawahi kufika."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Ila naweza kukupa namba za simu za waliobebwa."

Alinitazama kama mtu aliyekuta daktari hana mikono. Akakunja kipeperushi, akamwamsha mumewe, wakashuka wakavuka barabara kwa wakala wa pili, ambaye naye hajafika, lakini ana picha kubwa ukutani.